Pindo la Vidole Vinne

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, na hata wale waliowahi kulijua jina alilopewa na wazazi wake walikuwa wameshalisahau. Alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha kushonea kilikuwa pale barabara inapokata kona, kati ya ukuta mrefu wa shule binafsi na uzio wa shule ya serikali, naye alishona sare za shule zote mbili: za serikali bluu, za binafsi rangi ya damu ya mzee. Kila sare iliyotoka mikononi mwake, iwe ya mtoto wa nani, ilikuwa na pindo la vidole vinne, kitambaa kilichokunjwa kwa ndani kikingoja mtoto arefuke. Watu walimtania kwamba gauni lake mtoto huanza nalo darasa la kwanza na kuolewa nalo. Naye hakukosa jibu. "Mtoto ni wa kukua," alisema na pini zake mdomoni. "Asiyekua ni wa kwenye picha."

Shule hizo mbili zilikuwa jirani kama pua na mdomo, lakini ungedhani kuna bahari katikati. Upande wa serikali watoto walikuwa weusi, wote kabisa. Kitu cheupe pekee kilichokuwamo mle kilikuwa chaki, nayo haikutosha. Upande wa pili watoto walikuwa weupe, wana wa wazungu waliokuja na makampuni na wana wa wazungu waliozaliwa hapa hapa, na katika kila darasa ungemkuta mweusi mmoja au wawili, watoto wa wakubwa, wanaoshushwa na magari yenye vioo vya giza. Si kwamba weusi walikuwa haba mle ndani. Walikuwa tele: walinzi, madereva, wapishi, wakata majani. Ila hawakuwa wakisoma.

Hakuna mahali palipoandikwa kwamba iwe hivyo. Lilikuwa suala la karo tu, na karo ile ilisimama getini ikifanya kazi ya bawabu bila kumtazama mtu usoni. Wenye shule walipenda sana kusema kwamba milango yao iko wazi kwa kila mtu, na mimi sibishi, ilikuwa wazi. Hata duka la dhahabu liko wazi.

Mama Pindo aliyajua haya kwa vidole vyake. Sare za bluu zilimrudia zimechanika kwapani, zimepauka, pindo limefunguliwa mwaka baada ya mwaka mpaka limekwisha. Zile za damu ya mzee zilimrudia na madoa ya mafuta ya kuzuia jua kwenye kola, na pindo liko vile vile alivyoliacha. Wale hawakuwa wakifungua pindo. Mtoto akirefuka, hununuliwa jingine. Mama mmoja wa kizungu aliwahi kumuuliza, kwa upole tu, kwa nini anajaza kitambaa kingi kiasi kile chini ya gauni. Mama Pindo alimjibu kwamba ni mazoea ya mkono, na akaendelea kuweka pindo lake.

Aliishi na mjukuu wake, binti wa binti yake. Mama wa mtoto alikuwa nchi ya mbali akilea watoto wa watu, akipiga simu kila anapopata nafasi. Mtoto huyu aliitwa Chiriku, na ukimsikia huulizi kwa nini. Alikuwa darasa la tano shule ya serikali, na maneno yalimtoka kama maji kwenye bomba lililokatika. Alisimulia njiani, alisimulia akila, alisimulia usingizini. Jioni alikaa chini ya meza ya kukatia vitambaa akichambua nyuzi, na tangu akiwa mdogo kazi yake ilikuwa kumfungulia bibi yake mapindo ya wateja. Alijua kulisoma pindo kuliko alivyojua kusoma kitabu. "Hili lina miaka miwili ndani yake, Bibi," alikuwa akisema. "Hili limebakiza mwaka mmoja tu, maskini."

Basi siku moja asubuhi akaingia Bi Mahusiano. Huyo ndiye afisa uhusiano wa shule binafsi, mwanamke mweusi aliyezaliwa mtaa huo huo na kusoma shule ya serikali akiwa amevaa bluu ya Mama Pindo. Sasa alivaa koti la vifungo vikubwa na viatu vilivyotangaza ujio wake tangu barabarani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umepungua? Kazi inakula mtu siku hizi?"

"Inatafuna na kumeza, Mama." Akacheka kidogo, akakaa. "Nimekuletea kazi ya haraka. Nataka sare za kwetu, kwa watoto wa shule ya jirani."

Mama Pindo aliondoa mguu kwenye cherehani. "Za kwenu? Kwa watoto wa bluu?"

"Si umesikia habari ya gazetini?"

Nani hakuisikia! Gazeti lilikuwa limepiga picha kutoka juu ya jengo la jirani wakati wa mapumziko, ukuta ukipita katikati, viwanja viwili, vichwa vya manjano huku na vichwa vyeusi kule, na chini yake swali moja: huu ni mtaa mmoja? Maneno yakawa mengi. Sasa Ijumaa walikuwa wanakuja watu wa wizara pamoja na wafadhili kutoka nje, na shule ilikuwa imeanzisha mpango ulioitwa Mlango wa Jirani. Mwalimu mkuu wa serikali alikuwa ameshaombwa kuchagua watoto wake safi wanaojua kuzungumza.

"Kwa hiyo wameandikishwa?" Mama Pindo akauliza.

"Watakuwa nasi, Mama."

"Watakuwa nanyi."

"Ndiyo." Bi Mahusiano akasimama, akanyoosha koti. Alipofika mlangoni akageuka. "Na kitu kimoja. Usiweke pindo. Kitambaa hakitoshi na muda hautoshi. Piga bandi tu, ilimradi zishike."

Bandi ni ule mshono wa kushikiza, nyuzi ndefu ndefu za kuikamata nguo kabla fundi hajaishona sawasawa. Nguo ya bandi ukiifua mara moja imekuaga.

"Na mtoto akirefuka?" Mama Pindo akauliza.

Bi Mahusiano akatazama saa yake, na si kwamba alitaka kujua ni saa ngapi. "Hawatazikulia, Mama," akasema, na viatu vyake vikaondoka naye.

Mama Pindo alibaki ameshika mkasi asijue alitaka kukata nini. Maishani mwake alikuwa ameshona nguo za aina tatu tu zisizohitaji pindo: ya bibi harusi, ya maiti, na ya maigizo. Hakuna aliyeolewa Ijumaa hiyo na hakuna aliyekufa. Alielewa.

Angemkimbilia Bi Mahusiano amwambie hapana, na wewe msomaji labda ungefanya hivyo. Lakini mchana ule ule Chiriku aliingia mbio, mkoba ukimpiga mgongoni, sauti ikitangulia.

"Bibi! Bibi nimechaguliwa! Mwalimu mkuu kasema mimi wa kwanza! Nakwenda upande wa pili, Bibi, nitavaa damu ya mzee, wana maktaba ina ngazi, ngazi ya kupandia vitabu, na kila mtoto ana kiti chake, Bibi, kiti cha peke yake!"

Akaanza kuzunguka chumbani akikumbatia hewa. Mama Pindo alifungua mdomo aseme. Akamwona mtoto alivyong'aa, akaufunga. "Hongera, mjukuu wangu," akasema. Nitamwambia kesho, akajiambia. Kesho ile ilikuwa ya kwanza katika kesho nyingi.

Jioni akaenda kwa mwalimu mkuu. Alimkuta ofisini akipigilia msumari kwenye mguu wa dawati, maana pale mwalimu mkuu ndiye seremala.

"Mwalimu, watoto wanakwenda kusoma au wanakwenda kuonekana?"

Mwalimu mkuu hakuinua macho. Akagonga msumari mara moja zaidi, akaweka nyundo chini. "Nani kakwambia?"

"Nguo imeniambia."

"Mama Pindo, wamesema wataezeka upya madarasa mawili. Unajua mvua ikinyesha tunafanyaje hapa? Watoto wa darasa la tatu wanasimama ukutani. Mjukuu wako alisimama hapo, unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Mkono mtupu haulambwi. Wao wanataka nyuso, mimi nataka mabati."

"Na watoto wanajua kuwa ni nyuso tu?"

Akaokota tena nyundo. "Watoto husahau," akasema, lakini alilisema kama mtu anayejaribu kiatu kisichomwenea. "Usiniharibie, mama yangu. Nakuomba kwa heshima zote."

Mama Pindo akaaga, akashika njia ya nyumbani. Njiani alikutana na muuza mkaa, ambaye mwanawe naye alikuwa amechaguliwa. Yule baba alikuwa ameoga mchana, jambo ambalo mtaa haukuwahi kuliona. Akamshika Mama Pindo mikono yote miwili, akatikisa, akatikisa.

"Mama, Mungu akubariki. Mshonee kijana wangu vizuri. Mwekee lile pindo lako, maana yule anarefuka kama mgomba."

"Nimesikia, baba."

"Mimi nimebeba magunia ili yeye abebe vitabu. Na wamemwona! Si wamemwona?"

"Wamemwona," Mama Pindo akasema, na ulimi ulimuwasha kwa aibu. Watoto wa watu walikuwa wanavikwa kilemba cha ukoka, na yeye ndiye fundi wa kilemba.

Lakini lililomkata maini hasa lilitokea kesho yake. Chiriku alirudi kutoka shule amevaa gauni la nyumbani. Bluu hakuwa nayo.

"Sare yako iko wapi?"

"Nimempa Kifimbo." Kifimbo alikuwa rafiki yake wa dawati, binti mwembamba ambaye sare yake ilikuwa na viraka juu ya viraka. "Yake imekwisha, Bibi, na mimi siihitaji tena. Nimemwambia pindo lake lina miaka miwili, litamfaa. Akalia. Nikamwambia asilie, tutaonana Jumamosi, ila mimi nitakuwa na kazi nyingi za shule, wale wanapewa kazi nyingi sana."

"Umegawa sare kabla hujaanza kule?"

"Si naanza Ijumaa!"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mama Pindo alilijua hilo wakati ule na analijua hadi leo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Badala yake alimtuma dukani akanunue uzi wa rangi ya damu ya mzee, na mtoto akaenda akirukaruka.

Sare za wengine alizishona kama alivyoagizwa. Alikata kitambaa pale pale urefu unapoishia, akapiga bandi, akazitundika, nazo zilipendeza kwa mbali, vitu vingi vya duniani ndivyo vilivyo. Ya kijana wa muuza mkaa aliitazama sana kabla ya kuitundika. Kisha akafika kwenye gauni la Chiriku, na mkono ukakataa. Alikusanya mabaki yaliyokuwa mezani, akaunga, akapata kitambaa cha kutosha. Akashona gauni lile kwa mshono kamili, akatia kola bitana, na chini akakunja pindo la vidole vinne.

Ukimuuliza alidhani nini, hakuwa na jibu la kumtosheleza mtu mwenye akili timamu. Labda alidhani nguo iliyoshonwa kwa kubaki itamsaidia mwenyewe kubaki. Labda mtu mmoja kule angemsikiliza mtoto akizungumza, akasema huyu tumchukue. Mambo kama hayo hutokea. Alijikazia moyo kwa hilo, akapiga pasi.

Ijumaa Mama Pindo aliitwa aende na sindano yake, kama vazi lolote litaachia. Aliketi kwenye kiti kidogo kando ya jukwaa la ukumbi wa shule binafsi. Sakafu ya mbao ilinukia nta, na madirisha yalikuwa marefu kutoka chini hadi juu. Bi Mahusiano alikuwa akipanga watoto kwa ajili ya mpiga picha, akiwashika mabega: mweupe, mweusi, mweupe, mweusi, kama kete za drafti. Wale watoto wachache weusi waliokuwa wanafunzi wa kweli wa shule ile walikuwa wamesimama wasijue wapangwe na nani. Mmoja wao, mvulana wa miwani, alikuwa akiwatazama wenzake wapya kwa macho yaliyojaa hamu. Huenda siku ile ilikuwa ya kwanza kwake kutokuwa peke yake kwenye mstari.

Chiriku aliwekwa mbele, katikati kabisa, kando ya msichana mweupe mwenye madoadoa puani. Haukupita muda walikuwa wameshaanza.

"Wewe uko darasa gani?" msichana yule aliuliza kwa Kiswahili safi, maana alizaliwa hapa hapa.

"La kwenu," Chiriku akasema.

"Basi Jumatatu ukae na mimi. Aliyekuwa anakaa na mimi alihama."

"Nitakaa. Una penseli za rangi?"

"Ninazo nyingi."

Mama Pindo aliinamia sindano yake isiyo na kazi. Alitamani mtoto yule mweupe awe na roho mbaya. Ingekuwa rahisi zaidi.

Wageni wakaingia. Wafadhili walitabasamu na kusalimia kila mtu. Mkaguzi wa wizara, mwanaume mweusi mwenye tumbo la heshima, alipita mbele ya watoto akiwa na jalada kwapani, akasimama kwa Chiriku. Nani asingesimama pale?

"Hujambo, mwanangu. Unapenda nini katika shule yako hii?"

"Sijui bado, mheshimiwa," Chiriku akasema kwa sauti ya kufika nyuma ya ukumbi. "Ndiyo nimeanza leo. Hata darasani sijaingia. Lakini nimesikia kuna ngazi maktaba, na Jumatatu nitakuambia vizuri."

Mama Pindo akadhani sasa limefumuka, sasa atauliza, sasa mtu mzima mmoja humu ndani atauliza. Mkaguzi alimtazama Bi Mahusiano. Bi Mahusiano alitazama viatu vyake. Kisha mkaguzi akacheka kicheko kikubwa, akampapasa Chiriku kichwani. "Mwerevu sana huyu," akawaambia wafadhili, nao wakacheka, na jalada halikufunguliwa. Mwanawe mkaguzi alikuwa pale pale mstari wa pili. Ndiye yule mvulana wa miwani.

Mpiga picha akasema tabasamu, na watoto wakatabasamu.

Wageni walipokwenda kunywa chai, watoto wa jirani waliongozwa hadi chumba cha kubadilishia nguo karibu na bwawa la kuogelea. Nguo zao za nyumbani zilikuwa zimewekwa kwenye mifuko, na juu ya benchi palikuwa na kapu kubwa tupu.

"Haya wapendwa, mmefanya vizuri sana!" Bi Mahusiano akapiga makofi. "Mvue taratibu, mweke kwenye kapu. Bibi fundi atawasaidia. Kila mtu atapewa soda na daftari jipya."

Watoto walitazamana. Kijana wa muuza mkaa akauliza, "Jumatatu tutavalia hapa hapa?" Bi Mahusiano akamsogezea kapu. Akavua shati lake polepole, na bandi ikaachia begani kwa mlio mdogo. Akaliangalia tundu lile, akalikunja shati kwa uangalifu kama mtu aliyevunja kitu cha watu.

Chiriku hakuvua. Alisimama amejishika mbavu, akitabasamu kama mtu anayejua jambo ambalo wenzake hawalijui.

"Mimi langu ni la kubaki," akasema.

"Na wewe pia, mama," Bi Mahusiano akasema kwa upole.

"Hapana, mimi langu ni la kubaki. Lina pindo." Akainama, akageuza ukingo wa gauni, akamwonyesha. "Niliangalia asubuhi kabla sijavaa. Nilikuwa naogopa, kwa sababu za wenzangu niliziona zimetundikwa, zote ni bandi. Nikasema lo, hawa watarudishwa. Nikaangalia langu. Vidole vinne! Muulize Bibi. Nguo ya pindo ni ya mtu anayebaki. Si ndiyo, Bibi?"

Bi Mahusiano alimgeukia Mama Pindo. "Mama," akasema, na sauti yake haikuwa ya ofisini tena, ilikuwa ya yule binti wa mtaani. "Mama, si nilikwambia usiweke pindo?"

Maji yakimwagika hayazoleki. Chiriku alimtazama Bi Mahusiano, akamtazama bibi yake, akarudi kwa Bi Mahusiano. Uso wake ulikuwa wazi kama dirisha, na Mama Pindo aliyaona mambo yakipita humo moja baada ya jingine, hadi likafika la mwisho.

"Ulijua," mtoto akasema.

"Mjukuu wangu..."

"Ulijua, ukaniwekea pindo."

Hakulia. Alivua gauni, akalikunja, akaliweka juu ya kapu, akavaa nguo yake ya nyumbani. Soda hakuichukua. Walitembea hadi nyumbani pembeni ya ukuta bila kusema neno, na kwa mara ya kwanza tangu mtoto yule ajifunze kuzungumza, Mama Pindo alizisikia nyayo zake.

Jumatatu Chiriku hakwenda shule, maana hakuwa na sare. Kifimbo alikuja na ile bluu mkononi, imefuliwa, akasimama mlangoni. "Bibi, mwambie achukue. Mimi sina shida." Chiriku akajibu kutoka chini ya meza kwamba alichokitoa amekitoa. Mama Pindo akajitolea kumshonea nyingine. Mtoto akasema hataki. Muuza mkaa alipita mbele ya chumba cha kushonea na masizi yake usoni kama zamani, akaitikia salamu bila kusimama. Mama Pindo alimfuata hadi nje, akamwambia ukweli wote pale barabarani, kwamba alijua siku ile aliposhikwa mikono. Yule baba alimsikiliza hadi mwisho. "Ungeniambia, Mama," akasema. "Ningemkatalia mapema, akanichukia mimi. Baba huchukiwa, halafu hupona." Akabeba gunia lake, akaenda.

Usiku na mchana Mama Pindo aliomba msamaha kwa njia anazozijua bibi zote. Alimpikia anachopenda, alimsuka nywele, alimwambia, "Nilikosea, mama. Nilikupenda kwa uongo." Chiriku aliitikia, "Sawa, Bibi," na akanyamaza. Nyumba ilikuwa kimya hadi cherehani ikaonekana ina kelele.

Kisha ile picha ikabandikwa. Ilikuwa kubwa, ukutani kwa nje, upande unaotazama shule ya serikali. Chiriku katikati, damu ya mzee ikimkaa vizuri, ameegemeana na yule msichana wa madoadoa, wote wawili wakicheka kwa kweli kabisa. Chini yake iliandikwa: Mlango Uko Wazi. Watoto wa bluu walipita wakiinyooshea vidole. Mpiga picha alikuwa fundi hodari, siwezi kumnyima haki yake.

Chiriku alikwenda kuitazama. Alisimama pale muda mrefu, kisha akarudi, akaingia chumbani, akasimama mbele ya bibi yake na mikono imenyooka pembeni, vile wateja wanavyosimama wakitaka kupimwa.

"Nishonee bluu," akasema.

Mama Pindo aliangusha alichokuwa anashona. Akachukua futi, akampima mabega, akampima kifua, akapiga magoti kumpima urefu. Alishukuru kwamba akiwa chini vile mtoto haoni macho yake.

"Pindo nikuwekee kiasi gani?" akauliza.

"Weka pana, Bibi. Upana wote. Huku nakaa hadi nimalize."

Akakata kitambaa, akakaa kwenye cherehani. Chiriku hakurudi chini ya meza. Alivuta kigoda, akakaa karibu kabisa na sindano, kidevu juu ya magoti, akiifuata mikono ya bibi yake kwa macho bila kupepesa, kama mteja aliyewahi kuibiwa kitambaa. Mama Pindo akaligeuza gauni nje-ndani ili aone kila mshono, akaweka vidole vyake vinne juu ya kitambaa, akangoja. Mtoto naye akaweka vyake pale pale, akapima mwenyewe.